Meno ya Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo: Ganzi Ipi, Wapi, kwa Gharama Gani

Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" husema kwa njia nyingine. Hukataa uji aliokuwa akiupenda. Hujipiga shavuni. Usiku halali, na kwa kuwa kukosa usingizi huamsha kifafa, mishtuko iliyokuwa imetulia kwa miezi huanza kumwangusha tena. Mzazi akimfungua kinywa na kummulikia kwa tochi ya simu, anakuta magego yametoboka na ufizi umevimba. Hapo ndipo maswali yanapofuatana: nimpeleke wapi, watamtuliza kwa nini, na nitalipa kiasi gani?

Makala haya yanalinganisha njia zilizopo kwa mzazi anayeishi Ndanai, upande wa Sotik katika Kaunti ya Bomet. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mtoto mmoja wa mfano. Ana miaka saba na uzito wa kilo 15, kwa maana watoto wenye mtindio wa ubongo mara nyingi huwa wepesi kuliko wenzao. Ana kifafa pia, anameza valproeti asubuhi na jioni, na magego yake manne yameoza, moja katika kila pembe ya kinywa.

Mzazi wa mtoto huyu asijilaumu. Dawa nyingi za maji za watoto zimetiwa sukari. Misuli iliyokakamaa huuma mswaki na kuusukuma nje, chakula hukaa shavuni muda mrefu, na asidi inayorudi kutoka tumboni humomonyoa meno. Kwa wanaotumia dawa ya kifafa ya fenitoini, ufizi wenyewe huvimba na kufunika meno.

Unalipia nini hasa?

Wengi wakifika dirishani huuliza bei ya sindano. Dawa ndiyo sehemu ndogo ya bili. Kinachogharimu, na ndicho kinachomrudisha mtoto nyumbani salama, ni mtu aliyesomea kazi ya kuchunga pumzi zake wakati mwenzake anashughulika na jino, pamoja na mashine na oksijeni za kumsaidia mtu huyo.

Mtoto wetu ana sababu za kuhitaji jicho hilo kuliko mtoto mwingine. Misuli ya koo lake ni dhaifu, kikohozi chake hakina nguvu, mate humjaa, na chakula hupanda kutoka tumboni. Akilegezwa na dawa, mate, damu au kipande cha jino kinaweza kuteremka mapafuni bila yeye kukohoa. Tena dawa za kifafa, hasa fenobabitoni, zenyewe huleta usingizi. Ukiongeza dawa nyingine ya kulegeza juu yake, nguvu zake hujumlishana.

Kwa hiyo kila njia hapa chini tutaipima kwa mambo matatu: bei, usalama, na idadi ya safari.

Njia ya kwanza: kutibu bila kumlaza

Hii ndiyo nafuu kuliko zote, na bahati nzuri mojawapo ya mbinu zake ilizaliwa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha matundu ya meno kwa vifaa vya mkono, bila mashine ya kuchimba wala umeme, kisha kuyaziba kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilianza kuieneza mbinu hiyo. Mara nyingi haihitaji sindano, na haina ule mlio wa mashine unaomtia mtoto kiwewe.

Mbinu ya pili ni dawa ya kupaka yenye fedha na floridi. Tone moja linapakwa kwenye tundu kwa kijibrashi, na mara nyingi uozo husimama. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii, pamoja na ile saruji, katika orodha yake ya dawa muhimu. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Kwa jino la mbele hilo ni jambo la kufikiria. Kwa gego la nyuma la mtoto anayelia usiku, weusi si hasara. Dawa hupakwa tena baada ya miezi kadhaa, na haipakwi penye vidonda vya kinywa.

Gharama yake huhesabiwa kwa mamia ya shilingi, na hatari ya pumzi haipo. Kikomo chake ni kimoja: haifai tena kama uozo umeshafika kwenye mshipa, yaani jino linauma lenyewe usiku au lina usaha. Kwa hiyo njia hii ni ya mzazi anayewahi.

Njia ya pili: ganzi ya sindano

Mtoto anapakatwa na mama au baba, anachomwa ganzi, jino linang'olewa. Katika hospitali ya umma gharama bado ni ndogo, na kwa jino moja linalotikisika hii ndiyo njia ya busara hata kwa mtoto mwenye kifafa.

Lakini fanya hesabu ya uzito. Kipimo cha juu kinachopendekezwa kwa watoto ni miligramu 4.4 za lidokeini, dawa ya ganzi, kwa kila kilo. Mtoto wetu wa kilo 15 hatakiwi kuvuka miligramu 66. Kichupa kimoja cha kawaida cha asilimia 2, chenye mililita 1.8, kina miligramu 36. Vichupa viwili kamili vinafika 72, na hapo tayari mpaka umevukwa. Lidokeini ikizidi mwilini huleta degedege, jambo ambalo mtoto huyu hahitaji kuongezewa.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii: ni vigumu kung'oa kwa usalama magego manne katika pembe nne siku moja kwa sindano. Ni safari mbili ikienda vizuri, na nne kama mtoto atachoka. Basi muulize daktari wazi: "Umempima uzito? Kikomo chake ni vichupa vingapi?" Daktari mzuri hatakasirika.

Baada ya ganzi, midomo na ulimi hubaki vimekufa kwa saa mbili au tatu. Mtoto asiyeelewa hujitafuna mdomo hadi ukachanika. Kaa naye, na usimpe chakula cha kutafuna hadi ganzi iishe.

Na kitu kimoja kisikubaliwe: mtoto kukandamizwa na watu wanne huku akipiga mayowe. Kumshika mkono na kumtuliza kichwa ni msaada. Kumlaza kwa nguvu huweza kumpaliza mate na damu, na atakapoona koti jeupe tena hatafungua kinywa.

Njia ya tatu: kulegezwa akiwa nusu macho

Hapa ndipo mitego ilipo, kwa sababu njia hii husifiwa kuwa "usingizi mdogo" wa bei ya kati.

Ipo gesi ya naitrasi oksaidi, inayovutwa kwa pua ikichanganywa na oksijeni isiyopungua asilimia 30. Ni salama ikitumiwa vyema na humtoka mtoto mwilini upesi. Ila humtaka mtoto atulie, akubali kifuniko cha pua na avute kwa pua, na wengi wenye mtindio wa ubongo au usonji hawawezi.

Ipo midazolamu ya kunywa, ambayo huanza kufanya kazi ndani ya dakika 20 au 30. Kwa mtoto anayetumia fenobabitoni inaweza kumlaza kupita ilivyokusudiwa. Tena dawa ya kuipinga, flumazenili, inaweza kuamsha kifafa kwa mtoto aliyezoea dawa za jamii ya midazolamu.

Ipo pia ketamini, inayojulikana sana katika hospitali zetu kwa sababu haimkatizi mtu pumzi kirahisi. Lakini huongeza mate, na mate mengi kwa mtoto asiyemeza vizuri yanaweza kulifanya koo lijifunge ghafla.

Kutoka kusinzia hadi kuzimia ni mteremko kama wa milima yetu baada ya mvua. Daktari anaweza kukusudia mtoto asinzie tu, naye akateleza hadi chini kabisa. Ndiyo maana nchi zilizotangulia zilibadilisha kanuni. Uingereza ilikomesha nusukaputi, yaani usingizi kamili wa dawa, kwa kazi ya meno nje ya hospitali mwishoni mwa mwaka 2001. Nchini Marekani, mwaka 2019, chama cha madaktari wa watoto na kile cha madaktari wa meno ya watoto vilitoa mwongozo wa pamoja: mtoto akilegezwa kwa kina katika kliniki ya meno, lazima awepo mtaalamu wa pili ambaye kazi yake ni dawa na pumzi peke yake. Anayeng'oa jino hachungi pumzi.

Ukiambiwa katika kliniki ya mjini kwamba daktari wa meno mwenyewe atampa mtoto dawa ya kulala kisha amng'oe, bei hata ikiwa nusu ya ile ya hospitali, mshukuru na uondoke.

Njia ya nne: nusukaputi kamili hospitalini

Mtoto analazwa kabisa katika chumba cha upasuaji, mrija unapitishwa hadi kwenye bomba la hewa ili damu na maji yasiingie mapafuni, na kazi yote ya kinywa inamalizwa kwa kikao kimoja: kung'oa, kuziba, kusafisha. Kwa mtoto wetu mwenye magego manne, mate mengi na kifafa, hii mara nyingi ndiyo njia salama, ingawa jina lake ndilo linalotisha.

Gharama yake huanzia maelfu kadhaa ya shilingi katika hospitali ya umma, hupanda katika hospitali za misheni, na katika hospitali za kibinafsi za Nairobi hufika makumi ya maelfu. Kazi ikiwa kubwa, yenye mizizi ya kutibiwa na vifuniko vya chuma, inaweza kupita laki moja. Bili hiyo ina vipande: ada ya daktari wa meno, ya mtaalamu wa nusukaputi, ya chumba cha upasuaji, dawa, vipimo na kitanda. Dai uandikiwe kila kipande kabla ya kulipa, maana bei iliyotajwa kwa simu huenda ni ya daktari wa meno pekee.

Wapi kwa kuanzia Ndanai

Anza karibu. Hospitali ya Ndanai, au Kaplong pale Sotik, ndiko kwa uchunguzi, kupima uzito na barua ya rufaa. Usipande matatu ya Nairobi bila barua hiyo. Inaokoa muda na maelezo ya kurudiarudia.

Ngazi ya pili ni zile unazofika na kurudi siku hiyo hiyo: Longisa, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kaunti; Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ambayo leo hufunza madaktari wa upasuaji na ina kliniki ya meno na chumba cha wagonjwa mahututi; Kapkatet na AIC Litein upande wa Kericho; na Kisii, kupitia Keroka. Swali la kuwauliza kwa simu ni moja: "Je, daktari wa meno na mtaalamu wa nusukaputi ya watoto hukutana chumba kimoja, na ni siku gani?" Hospitali inaweza kuwa nao wote wawili na bado wasiwe na ratiba ya pamoja.

Ngazi ya tatu ni Kijabe, ambayo kwa anayepitia Narok na Mai Mahiu iko kabla ya Nairobi. Ipo pia Hospitali ya Moi ya Eldoret, yenye hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015. Na Nairobi kwenyewe, kwenye hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako madaktari bingwa wa meno ya watoto hufunzwa, au kwenye hospitali za kibinafsi kama Gertrude's, iliyopo tangu 1947. Kule kuna uzoefu mkubwa zaidi wa watoto wenye mahitaji maalum. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, uti wa mgongo uliopinda sana, au udhaifu wa misuli wa kurithi kama wa Duchenne apelekwe ngazi hii moja kwa moja. Wenye Duchenne wana dawa za nusukaputi ambazo hawapaswi kupewa kabisa, hasa saksamethoniamu. Wenye ugonjwa wa Down huangaliwa pia shingo na moyo.

Hesabu ya safari

Bili ya hospitali ni nusu ya habari. Tuseme, kwa mfano tu, nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya kaunti ni Sh1,000 kwa mtu, mnasafiri wawili, chakula Sh500, na kibarua cha siku ulichokosa Sh600. Safari moja ni Sh3,100. Safari nne za kung'oa jino mojamoja ni Sh12,400, kabla hujalipa hata senti moja ya matibabu. Weka nauli yako halisi ufanye hesabu hiyo. Utaona kwamba nusukaputi ya kikao kimoja, iliyoonekana ghali, imesogea karibu sana na sindano za mara nne.

Safari za mbali nazo hupunguzwa kwa mazungumzo. Omba daktari wa meno na mtaalamu wa nusukaputi wamwone mtoto siku moja. Fanya kipimo cha damu hapa Bomet uende na majibu. Kwa anayetumia valproeti kipimo hicho ni cha lazima, kwa sababu dawa hiyo inaweza kupunguza chembe zinazogandisha damu. Na kama mtoto anangojea upasuaji mwingine, labda wa kunyoosha miguu, uliza kama meno yanaweza kushughulikiwa katika usingizi huo huo.

Nani atasaidia kulipa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya umma ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na hulipa si chini ya Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako. Kisha uliza ofisi ya SHA ya hospitali swali hili kabla ya kupewa tarehe: "Kazi hii mtaiombea idhini kama upasuaji au kama huduma ya meno?" Jibu hilo linaweza kubadilisha kiasi utakachotoa mfukoni. Idhini iombwe mapema, isiwe asubuhi ya upasuaji.

Mwandikishe mtoto pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba msaada wa fedha wa serikali uitwao Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, na kitambulisho cha baraza hukupa mahali pa kuanzia unapozungumza na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu kupunguziwa bili.

Wakulima wengi wa chai husubiri bonasi ya Oktoba. Kwa jino lisilo na usaha, kusubiri kunawezekana. Kwa mtoto mwenye uso uliovimba, homa, au anayeshindwa kumeza, hakuna kusubiri: mpeleke siku hiyo hiyo.

Maswali kabla ya kulipa

- Nani atamlaza, na nani atamtibu meno? Lazima wawe watu wawili.
- Huyo anayemlaza amesomea nusukaputi na ana leseni? Daktari hutafutwa kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Afisa wa kliniki kwenye baraza lake.
- Kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimo cha hewa anayotoa, mashine ya kuvuta mate, na oksijeni ya akiba umeme ukipotea?
- Mtoto akikataa kuamka vizuri, kuna kitanda cha uangalizi usiku huo, au ambulensi ya kwenda wapi?
- Mmewahi kumlaza mtoto mwenye kifafa au mtindio wa ubongo?

Usiku wa kuamkia siku ya nusukaputi

Hapa pesa hupotea zaidi kuliko popote, kwa sababu mtoto aliyekula huahirishwa na nauli imekwenda. Chakula chepesi na maziwa hukoma muda wa saa sita kabla ya kulazwa kwa dawa. Maziwa ya mama, muda wa saa nne kabla. Maji matupu, muda wa saa mbili kabla. Katika nchi yetu ya chai lazima lisemwe wazi: chai ya maziwa ni maziwa. Uji ni chakula. Mursik ni chakula. Kikombe cha chai ya maziwa alfajiri kinatosha kuahirisha upasuaji wa saa tatu asubuhi. Chai ya rangi bila maziwa huhesabiwa kama maji.

Dawa za kifafa haziachwi. Mpe kwa wakati wake na kijiko cha maji, na uwaambie umempa. Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, nayo haikatizwi ghafla. Chukua chupa zote za dawa uende nazo. Mtoto akiwa na kikohozi au mafua mazito, piga simu kabla ya kupanda gari, kwa maana koo lenye mafua hujifunga kirahisi akilazwa. Mvike nguo za joto, kwani watoto hawa hupoteza joto upesi.

Uamuzi wetu

Kwa uozo mdogo, chagua dawa ya kupaka au saruji ya mkono, karibu na nyumbani, mwezi huu. Kwa jino moja, chagua ganzi ya sindano iliyopimwa kwa kilo. Kwa magego mengi katika mtoto mwenye kifafa na koo dhaifu, chagua nusukaputi kamili ya kikao kimoja, hospitalini, katika ngazi ya karibu yenye mtaalamu wake. Nairobi ni ya wale ambao hali yao inaidai. Dawa ya kulala katika kliniki isiyo na mchunga pumzi usiinunue kwa bei yoyote, hata ikiwa bure.

Na leo jioni, kabla ya yote, mpe mtoto dawa yake ya maji, kisha mpanguse meno kwa kitambaa safi chenye dawa kidogo ya meno yenye floridi. Muulize pia mfamasia kama dawa hiyo ipo isiyo na sukari.